Gunia la Vifuniko

Watu wakisikia kazi yangu ni kuhamisha vitu kwenye nyumba zinazofungwa, hudhani nina lori na misuli. Lori ni la kukodi, na misuli ni ya shemeji yangu. Mimi nina mdomo. Naingia nyumba ya watu, natazama walichokusanya miaka nenda miaka rudi, kisha naamua kipi kitatumika tena, kipi kitayeyushwa, kipi kitaoza kiwe mbolea, na kipi, kwa aibu, kitakwenda jalalani. Hicho cha mwisho kikizidi gunia moja, chakula cha jioni hakinishuki. Na nikimwona mtu anatupa betri pamoja na maganda ya viazi, simnyamazii, hata kama ndiye anayenilipa.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Povu kwa sababu maisha yake yote yamo ndani ya beseni la sabuni. Kiwanda cha vioo hakipokei chupa chafu, kwa hiyo Povu huziosha zote, tena huzisugua mpaka zinang'aa kuliko za dukani. Vifuniko havioshi. Hivyo ni plastiki, vina gunia lao, na vinakwenda vikavu mahali pengine kabisa. Ukisahau kifuniko juu ya chupa, Povu atakununia mpaka kesho.

Siku hiyo tulikuwa kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anahamia kwa binti yake, kwenye chumba kimoja ghorofani. Binti ni mfamasia, mtu wa kunyoosha mambo. Alikuwa ameshapima ukuta wa chumba hicho kwa futi ya fundi, akamwambia mama yake kitanda kitaingia, kabati dogo litaingia, na sanduku moja.

Mama mwenyewe hakuwa na neno. Nimezoea watu wanaolilia hata mwiko uliovunjika, lakini yeye aligawa vitu kama anayepunguza mzigo mgongoni. Mapazia yaende kwa fundi cherehani ayashone mifuko. Godoro la wageni apewe jirani. Chini ya sinki tulikuta makopo ya plastiki yamepangwa moja ndani ya jingine mpaka yamegusa bomba.

"Akiba haiozi," aliniambia.

"Hii kweli haiozi, Mama. Itatuzika sisi, itawazika na wajukuu zetu."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Kisha akanionyesha sanduku lililokuwa kitandani. "Hilo tu msiliguse. Mengine, hata mkitaka kung'oa milango, ng'oeni."

Hatukuligusa. Ila mdomo wangu ni mrefu, nikaanza kumhubiria binti huku tunakunja magazeti. Nilimwambia chupa tupu ikilala kabatini ni uchafu, ikienda kiwandani ni chupa mpya. Mfamasia alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, na mimi mtu akinikubali huzidisha. Nikamwambia asione haya, apekue kila pembe. Mama alipotoka kwenda kuagana na jirani, binti akaenda chumbani. Mimi nikarudi jikoni nimejaa furaha ya mwalimu.

Mama aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Tukasikia zipu, kisha akatokea mlangoni.

"Chupa yangu iko wapi?"

"Ipi, Mama?" binti akauliza.

"Ya kijani. Ya mafuta ya nywele ya baba yako."

"Lakini ile ilikuwa tupu. Sanduku lilikuwa halifungi, na ile chupa haina kitu."

"Najua haina kitu," mama akasema.

Tulimkuta Povu uani. Chupa ilikuwa imepinduliwa juu ya taulo, safi kama haijawahi kutumika, na yeye akaiinua atuonyeshe alivyoitakatisha. Mama akaichukua, akaipeleka puani, akafumba macho.

"Sabuni," akasema.

Akaketi kwenye kiti pekee kilichobaki. Alituambia bila kupandisha sauti kwamba tangu mumewe afariki, kila asubuhi alikuwa anaifungua, ananusa mara moja, na kuifunika upesi. "Nilikuwa naogopa asije akaisha," alisema. "Hii nyumba niliiachia kwa moyo mweupe kwa sababu nilijua naondoka naye. Sasa sijui naondoka na nini."

Binti alikuwa amesimama na mikono yake haijui pa kwenda. Povu alitazama beseni lake kama adui.

"Basi," mama akasema, "maji yakimwagika hayazoleki. Fanyeni kazi." Lakini yeye hakuinuka. Angetutukana ningepata nafuu.

Hapo ndipo akili ikanirudia. "Povu, kifuniko chake ulikiweka wapi?"

Alinitazama kama niliyemuuliza jua linachomozea wapi. "Kwenye gunia la vifuniko, shemeji. Ningekiweka wapi tena?"

"Ulikiosha?"

"Tangu lini vifuniko vinaoshwa?"

Nililivuta gunia mpaka sebuleni, nikalipindua. Sebule ilikuwa tupu, kwa hiyo vilitawanyika mpaka kwenye kuta: vya bluu, vyekundu, vyeupe, na vyeusi vingi kupita kiasi, maana mlikuwa na vya nyumba hii na vya nyumba tulizotangulia kusafisha. Chetu kilikuwa cheusi, kidogo, chenye karatasi ndani. Binti akapiga magoti wa kwanza. Tukaanza kunusa.

"Dawa ya kikohozi," Povu akasema. "Siki. Hii ni siki tena. Hii siijui, ila aliyeinywa nampa pole."

"Nusa, acha kutangaza."

"Pua yangu imezoea sabuni, shemeji. Haya mengine yanaionea."

Akapiga chafya, vifuniko vikaruka, tukalazimika kuanza upya upande wake. Mama alikuwa amekuja mlangoni na chupa yake mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu aketi uani, nilimwona mdomo unamcheza.

Nje, dereva wa lori linalokuja kuchukua plastiki akapiga honi. Mimi ndiye ninayewagombeza madereva wakichelewa. Nikatoa kichwa dirishani nikamwambia asubiri. Akauliza asubiri nini. Nikamwambia asubiri tu, na akiona uvivu aje anuse. Akazima injini.

Nilikuwa na kifuniko cha dawa ya mende puani, nafikiria kuacha kazi hii, nilipoona vidole vya binti vimesimama. Kifuniko kidogo cheusi kilikuwa chini ya pua yake. Yule mwanamke wa futi na vipimo alivuta pumzi, akavuta tena, na uso wake ukawa wa mtoto anayebebwa mabegani.

"Ni yeye," akasema. "Mama, ni baba kabisa. Ni asubuhi ananipeleka shule."

Mama akaja akipita juu ya vifuniko, vinalia krap krap chini ya viatu vyake. Chupa akampa Povu bila kuitazama. "Hii ipelekeni kiwandani, si mmesema isilale bure?" Kisha akanyoosha kiganja kwa binti yake. "Haya, mwanangu. Nipe, nikifunge kwenye kitambaa kabla hakijapigwa na upepo."

Binti akafumba ngumi, akaipeleka kifuani.

"Ngoja kidogo, mama," akasema. "Mimi sijamnusa tangu tumzike."

Mama akakaa sakafuni karibu naye, katikati ya vifuniko, akangoja zamu yake.