Sifa za Mwalimu Salmini

Siku ya mjadala wa jamii kuhusu usawa wa elimu mjini Masasi, Getrude, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Stella, alivaa kitenge chake cha Pasaka akaenda na jambo moja tu kifuani. Alitaka kuomba mwalimu wa pili wa hisabati. Binti yake Stella alikuwa darasa la saba katika shule iliyo upande wa pili wa mlima, ile ambayo watu huiita Nyuma ya Jiwe, na mtihani ulikuwa Septemba. Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati, Mwalimu Salmini, aliyeshinda akikimbia darasa hadi darasa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Si kwamba wakubwa waliisahau Nyuma ya Jiwe, tusiwasingizie. Kila mwalimu aliyelewa kazini mjini, kila aliyegombana na mkuu wake, alipelekwa kule. Ilikuwa shule ya adhabu, ila waliokuwa wakiadhibiwa hasa ni watoto. Salmini peke yake ndiye aliyeangukia huko bila kosa lolote.

Mjadala ulifanyika ukumbini kwenye shule ya mjini kati, kwa kuwa huko ndiko kwenye feni, na usawa hauzungumziki kwenye joto. Kwanza itifaki ilizingatiwa. Mgeni rasmi alipofika, kachelewa, ikazingatiwa upya. Zikagawiwa fulana za kauli mbiu, saizi moja kwa wanene na wembamba, na huo ndio usawa uliopatikana siku ile. Mwezeshaji wa mradi ulioandaa mjadala, kijana mchangamfu aitwaye Vitalis, akawaambia wazazi wajadili kwa vikundi maana ya usawa. Kikundi cha Mama Stella kiliona kwamba usawa ni kitu kizuri.

Chai ikanywewa. Ndipo Vitalis akasema, "Sasa tusikie sauti ya jamii. Kwa kifupi tafadhali, muda umetubana."

Mama Stella akasimama. Alilelewa vizuri, na hapo ndipo alipoponzeka. Kijijini kwao Mnyambe mtu haombi kitu kabla ya kushukuru. Ukianza na shida zako, watu watauliza nani alikufunda.

"Shikamooni wazee wangu," alianza. "Tunashukuru kwa yote. Tunashukuru hasa kwa Mwalimu Salmini. Mtoto wangu alikuwa anaikimbia hisabati, sasa anachora pembetatu mpaka kwenye ukuta wa jiko langu. Mwalimu yule hana mfano. Kwa hiyo, ombi letu..."

Makofi yakapigwa. Mgeni rasmi akainama kumnong'oneza jirani yake. Vitalis akamshukuru mama kwa ushuhuda mzito, akamwomba aketi ili kulinda muda. Ombi likabaki mdomoni.

Wiki haikuisha, Mwalimu Salmini akahamishiwa shule ya mjini kati. Wakubwa walieleza kwamba kipaji kama kile hakifai kufichwa nyuma ya jiwe, na kwamba usawa sharti uanzie mahali unapoonekana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia kuwa siku hizi mgema akisifiwa, hubebwa yeye pamoja na kibuyu chake.

Stella alilifunga daftari la hisabati, akaenda kuchota maji. Daftari lile lililofungwa lilimuuma mama yake kuliko kama mtoto angelia. "Mimi ndiye niliyemtoa," aliwaza, "kwa mdomo wangu, tena kwa adabu."

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, mradi ukaitisha mjadala wa tathmini. Ukumbi uleule, feni zilezile. Mwalimu Salmini aliketishwa mbele, kavalishwa fulana ya mradi, awe mfano wa mafanikio.

Vitalis akatabasamu. "Mama Stella, wewe ndiye uliyetuibulia kipaji hiki. Tupe neno."

Mama Stella akasimama. Safari hii hakushukuru.

"Wakubwa zangu, nisameheni. Siku ile nilisema vile kwa adabu tu, maana mgeni rasmi alikuwepo. Mwalimu huyu anasinzia darasani. Akiamka, anafundisha alichokiota. Tena mbishi, hata mkuu wa shule alishindwa naye."

Mama Stella hakuthubutu kumtazama mwalimu, mtu ambaye hakuwahi kumkosea hata salamu. Uso ulimwaka kwa aibu.

Mgeni rasmi akakunja ndita. "Mwalimu, unasemaje?"

Salmini akainuka polepole. Alimtazama yule mama kwa muda, kisha akaitazama fulana yake.

"Mheshimiwa, mama huyu ni mkweli," alisema. "Tena amenisitiri. Mengine ameyaacha."

Mgeni rasmi akapiga meza. Mwalimu wa namna hii, alisema, hawezi kuachwa mjini kati aharibu watoto wa watu. Arudishwe Nyuma ya Jiwe mara moja. Hakueleza watoto wa kule ni wa nani.

Jumatatu Mama Stella alikwenda shuleni, akachungulia dirishani. Salmini alikuwa ubaoni na chaki yake, na Stella alikuwa amenyoosha kidole mpaka anainuka kwenye dawati. Kipindi kilipoisha na mwalimu akatoka nje, mama akapiga goti.

"Mwalimu, nimekuchafulia jina mbele za watu. Nisamehe."

"Inuka, Mama Stella," alisema Salmini, akijipangusa vumbi la chaki. "Nina ombi moja tu. Septemba hawa watoto wakifaulu, nakusihi, usije ukanishukuru."