Mafuta Muzuri

Bwana yangu Asumani eko fundi wa cherehani, na hapa Elisabethville, mu komini yetu ya Kenya yote, hamuna muntu wa kumushinda. Suruali yenye alishona inakaa ku kiuno sawa ulizaliwa nayo. Lakini Mungu alimupa akili ya nguo, na yeye akaenda kuipeleka ku pikipiki. Mi nilimuambia tangu mbele: Asumani, acha bintu bya benyewe. Afazali kuongea na ukuta, ukuta inanyamaza lakini haiendi kununua kintu.

Ile pikipiki ilikuwa ya mbele ya vita, bantu mingi balishaitumikisha mbele ifike kwetu. Ku mupira ya mbele ilikuwa na resori moja tu, springi moja katikati ya bichuma, na ile resori ilikuwa ngumu sawa roho ya kapita, nyapara wa Bazungu. Ukipita mu shimo kiloko, unaisikia mu mugongo mpaka mu meno. Mwaka moja mbele ya hii habari, nilikuwa na mimba ya miezi sita, na Asumani alinibeba nyuma tuende ku matanga ya shangazi yake. Karibu na reli tuliruka mu shimo. Ile magaribi mimba ilitoka. Ilikuwa mutoto mwanaume. Tulimuzika, na tangu ile siku Asumani hakumutaja hata mara moja. Mi nalia, yeye anashona. Mi naongea juu ya mutoto, yeye anasema, "Ile resori njo mubaya, Habiba. Iko lazima kubadirisha mbele yote." Ile maneno ilinikaa mu koo sawa mwiba ya samaki.

Mwaka ya kufuata nilibeba tena mimba. Na mbele ya kuniuliza nasikia hamu ya kula nini, bwana yangu alianza kutafuta furushe. Furushe ni ile mikono mbili yenye inashika mupira ya mbele. Rafiki yake Kalaba, Mubemba moja wa maneno mingi, alikuwa anatumika mu garage ya Muzungu kule ville, mujini, na yeye njo alimujaza Asumani kichwa. Alisema pikipiki ya sasa haina tena resori ya inje. Iko na matuyo mbili, bomba ya chuma, tuyo moja inaingia mu ingine, resori iko ndani, mafuta iko ndani, na ukifika pa shimo, tuyo inameza shimo.

"Shemeki," Kalaba aliniambia, "utalala usingizi juu yake."

Nilimuambia usingizi iko na kitanda yake.

Balipata ile matuyo ku pikipiki ya Muzungu moja yenye ilianguka ku njia ya Kasenga. Tangu pale, kila siku ya Mungu parcelle yetu, kiwanja yote ya nyumba, ilikuwa garage. Nikitafuta sahani, iko na mavis, skrubu yabo. Nikitaka kuanika nguo, kamba yangu balifungia gidon, usukani ya pikipiki. Nikifungua kinywa, Kalaba anasema, "Paka kiloko, kidogo tu, shemeki, tunamaliza." Ile paka kiloko yake ilikula masiku mpaka tumbo yangu ikaanza kunitangulia mu mulango.

Siku ya kumaliza, nilikuwa naikala pa mulango nachambua maharagi, na nilisikia yote na masikio yangu. Njo sababu kasirani yangu haijapola mpaka leo.

"Inabakia mafuta," Kalaba alisema. "Weye utatafuta. Mi ku kazi siwezi kutosha hata tone, Muzungu anapima."

"Mafuta ya namna gani?" Asumani aliuliza.

"Ile muzuri. Ya uzito kiloko."

"Ya cherehani?"

"Ile iko mwepesi sana, itatoka yote."

"Na ya motere?"

"Ya motere inaweza, kama hauna ingine."

"Iko nyeusi," Asumani alisema. Unajua fundi wa nguo: kintu nyeusi yenye inateleza, kwake ni adui. "Nitatia uchafu ginsi gani mu bichuma bya mupya? Mi niko na mafuta muzuri kuipita."

"Basi tia ile muzuri," Kalaba alisema. Alikamata kofia yake, akaenda.

Mwenye kuuliza hapotee njia, bakubwa balisema. Kalaba hakuuliza muzuri gani. Na miye mwenye banasemaka niko na kinywa sawa soko, ile siku kinywa yangu ilienda wapi, siyui. Kwetu mafuta ni mafuta. Ya kula, mafuta. Ya taa, mafuta. Ya motokari, mafuta. Ya kupakaa mutoto, mafuta. Nilizani wanaume banajua yabo.

Kesho yake, saa sita, jua kali, Asumani alinibembeleza nipande, twende paka mpaka ku pompi na kurudia. Nilipanda na moyo ku mikono. Tulipita mu mashimo yote ya avenue yetu, na wallahi, sikusikia kintu. Ilikuwa laini sawa matandiko. Asumani aligeuka aniangalie uso, na mi nilikunja uso nisimupe ile furaha.

Halafu baridi ya mwezi ya saba ilifika. Hapa Elisabethville ile baridi haina mchezo, asubui unaona moshi inatoka mu kinywa ya kila muntu. Asubui ya kwanza, Asumani aliegemea gidon, mbele haikushuka. Alipanda, akaenda, akarudia anashika mugongo. Furushe ilikuwa fimbo. Saa sita ilikuwa tena laini. Kesho asubui, fimbo. Saa sita, laini.

Kalaba alikuya, akakaza mavis, akalegeza mavis, akapiga na nyundo kiloko, akasikiliza. "Chuma inasikia baridi sawa muntu," alisema.

"Na reli?" nilimuuliza. "Na reli inasikia baridi? Mbona treni inapita asubui?"

"Shemeki, paka kiloko, itazoea."

Nilichoka nabo. Nilimuambia Asumani: kama siku yangu inafika mchana, nitapanda. Kama inafika asubui, nitaenda na miguu. Uongee na mutoto achague saa. Hakucheka. Aliangalia chini, ku ile matuyo yake, na mi nilisema mu roho: huyu muntu anapenda chuma kupita miye.

Mutoto alichagua asubui.

Maji ilitoka jua haijapanda muzuri. Asumani alitosha pikipiki inje, akaegemea gidon na uzito yake yote. Haikushuka hata urefu wa ukucha. Nilimuambia, twende na miguu. Alisema, ngoja. Nilimuambia mutoto hangoje. Alisema, ngoja, Habiba, ngoja paka kiloko. Unasikia? Na yeye alishajifunza ile paka kiloko.

Njo alikamata mbabula yangu, jiko ya makaa yenye nilikuwa nachemshia maji ya kuoga, akatupa sufuria pembeni, akaweka makaa ya moto chini ya furushe. Miye pa kiti, nashika tumbo, nauma kitenge. Yeye anainama na kipepeo, anaotesha pikipiki moto. Jirani yetu Mama Hortense aliangalia juu ya lupango yenye inatutenga.

Kisha nilisikia harufu. Haikuwa harufu ya garage, ilikuwa harufu ya jikoni. Pa tuyo ya kushoto kintu ilianza kushuka, mwekundu, polepole, tena mbio. Nilijua ile harufu mbele ya macho kuona. Mama yangu alinitumia bidon moja ya mafuta ya ngazi, ile mwekundu ya mawese, toka Kasongo, juu kwetu mwanamuke akizala, chakula yake ya kwanza inapikwa na mafuta ya kwabo. Niliifunga na kitambaa, nikaweka chini ya kitanda, sikuigusa.

"Asumani, ulitia mafuta gani?"

"Ile muzuri."

"Muzuri gani?"

"Ya mama yako," alisema. "Iko na uzito, iko safi, haina taka. Nilikamata kiloko tu."

Kila mwanamuke wa Katanga anajua: mu mwezi ya saba mafuta ya ngazi inalala, inaganda, asubui unaikwangua na kijiko. Kalaba hakujua, Asumani hakujua, juu bo habajapikaka hata siku moja mu maisha yabo. Nilitaka kumuambia ile yote. Maumivu ilinikatia maneno.

Aliegemea gidon, mbele ikashuka. "Panda," alisema. Nilipanda, juu sikukuwa tena na pumuzi ya kubishana.

Mwanzo ilienda muzuri. Lakini mafuta ikipata moto haisikii muntu: ilitoka yote ku matuyo, ikapaka mupira, ikaingia mu freni. Mbele ikaanza kuruka sawa mbuzi. Niliruka nayo mara moja, na nililia, si na maumivu, nililia na woga, na Asumani alinisikia. Freni haikushika. Alisimamisha ile kintu na viatu yake mu vumbi.

Alinishusha na mikono mbili. Kisha aliiachilia. Hakuisimamisha pembeni ya njia, hakuiegemeza ku muti. Aliitupa pale pale katikati ya njia, gidon mu vumbi, akanishika kiunoni, tukaenda. Muntu moja wa baiskeli aliita nyuma, "Bwana, pikipiki yako." Asumani hakugeuka. Kila maumivu ikikuya, nilimuuma bega, mara ingine juu ya maumivu, mara ingine juu ya mafuta yangu.

Tulifika ku materinité jua iko mu mabati. Mutoto hakukawia. Mwanamuke, muzima, na sauti ya kusumbua kila muntu.

Bakamuachilia Asumani aingie. Sista aliona mikono yake mwekundu mpaka ku kiwiko, akakuya mbio na bandaji. "Ni mafuta ya kula, ma sœur," Asumani alisema. Sista aliniangalia sawa miye njo nilimupika.

Alisimama pembeni ya kitanda, hakumugusa mutoto. Mi nilianza. Nilimuambia juu ya bidon, juu ya mbabula, juu ya Kalaba na paka kiloko yake, juu ya mavis mu sahani, nilimuambia yote yenye niliweka tangu mwaka. Aliangalia chini. Nilikasirika zaidi, nikamuuliza kama anafikiria pikipiki.

"Yule wa kwanza," alisema.

Nilimuangalia uso.

"Yule wa kwanza, ile shimo niliiona, Habiba. Niliiona mbali. Nilisema resori itabeba." Aliangalia mikono yake. "Mi njo nilimuua. Kila usiku nafunga macho, naona ile shimo. Sikujua kintu ingine ya kutengeneza."

Nilikuwa ningali na matusi, mingi, yenye nilipanga muzuri mu kichwa njia yote. Niliitafuta, sikuiona.

"Nyamaza, Asumani," nilimuambia. "Pangusa mikono. Shika mutoto yako."

Alimushika. Njo tulilia, sisi bote babili, mbele ya Sista.