Asiitikiwe Hodi

1.

TANGAZO LA BARAZA, MTAA WA MAWE MATATU

Wakazi wote mnajulishwa kuwa kituo cha polisi kilichofungwa kwa nguvu ya wananchi kitaendelea kufungwa. Ulinzi ni wetu. Mwenye shida apige filimbi, walinzi watafika. Hatupigi mtu, hatumfungii mtu ndani. Atakayewaita polisi, kwa sababu yoyote ile, atatengwa: asisalimiwe, asiuziwe, asibebwe kwenye pikipiki, asiitikiwe hodi.

Mwenyekiti: Bi Nyamizi.
Kamanda wa walinzi: Masele, mwanawe.

2.

Usimcheke huyo mama kwa kumpa mwanawe ukamanda. Mwanawe mkubwa, Lushinge, polisi walimchukua akiwa na kandambili miguuni, wakamrudisha amefungwa kwenye shuka. Walisema alianguka. Mama akaenda kukaa mlangoni pa kituo, na sisi majirani tukakaa naye, mpaka askari wakafungasha virago. Siku ile tulipika pilau, tukaapa kwamba hakuna mama mwingine atakayekabidhiwa shuka.

Mimi ni Mbuke, jirani yake, na pilau ile niliipika mimi. Bado ninaamini tulichoapa. Hilo ndilo linaloniudhi.

3.

Kabula, mjane wa Lushinge, mbele ya baraza:

"Shemeji alitaka kunirithi. Nikakataa. Akanipiga kwa mpini wa jembe. Nikapiga filimbi kama mlivyotufundisha, walinzi wakaja. Wakamkuta kamanda wao ameshafika, si ndiye aliyekuwa ananipiga? Wakamsalimia, wakaondoka. Ndipo nikawapigia polisi. Mlitaka nimpigie nani?"

(Karani anaandika: mshitakiwa amekiri.)

4.

Bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni:

— Lakini amekosea.
— Amekosea sana. Si ndio hao hao waliomuua mumewe?
— Ila Masele naye
— Nyamaza, anakuja.
— Masele?
— Huyo mwanamke. Geuka.

5.

Masele polisi walimlaza rumande, wakamwachia. Walisema ni mambo ya kifamilia. Akarudi kwenye ukamanda wake na filimbi shingoni.

Kabula alibaki nasi. Adhabu yetu ni ya kistaarabu, damu haimwagiki. Akisalimia, unaangalia viatu vyako. Akiomba nyanya, mwenye genge anapanga upya nyanya zake. Mwanzoni alisalimia kwa sauti. Halafu kwa kichwa tu. Halafu

6.

Mchana, jua kali, kila mtu yupo. Wande, binti wa Kabula, ameshikwa na degedege.

Kabula anamkimbilia Jilala wa bodaboda.

"Jilala, mtoto anakufa."

Jilala anawasha pikipiki. Anatutazama. Sisi tunamtazama. Masele yuko pale pale kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

Jilala anazima.

Mlango wa kwanza:

Hodi.

Mlango wa pili ni wangu:

Hodi.

Usinitazame hivyo. Nilikuwa na wali jikoni.

7.

Bi Nyamizi, nyuma ya mlango wa tatu:

Sheria hii niliitunga mimi. Nilitaka adhabu isiyoacha alama mwilini, maana mwili wa Lushinge niliuosha mwenyewe na alama zake ninazijua zote. Nikiitikia, sheria imekufa. Wataanza kuuliza kwa nini Kabula alitengwa na Masele hakuguswa. Kesho kutwa mmoja atasema polisi warudi, na mwingine atakubali.

Masele ndiye mtoto niliyebakiwa naye.

Nachungulia penye ufa wa mbao. Kabula amesimama pekupeku. Mjukuu wangu yumo mikononi mwake, amemfunga kwenye shuka. Mguu mmoja umetokeza nje, unatikisika.

Nimeshika komeo.

8.

Hodi.



Hodi.



Mama, hodi. Ni damu yako.



Mguu umetulia.




Komeo bado limo mkononi mwangu.