Mbuzi Aliyevaa Nguo ya Lamassi

Siku ile mjinga alikuwa Kidin, na mwenyewe hakatai. Mkewe Lamassi alikuwa akiungua kwa homa, na pale mjini Nipuri kila mtu aliijua dawa: mbuzi alazwe kitandani mwa mgonjwa, achinjwe, avishwe nguo yake, kisha aombolezwe na kuzikwa kwa jina la mgonjwa, ili kifo kidhani kimeshachukua chake.

Walipomlaza mbuzi kaburini, Kidin alishindwa kujizuia.

"Lamassi wangu, ndevu hizi umeota lini?"

"Lia, mpumbavu wewe!" mganga Ubarum akamkemea. "Kuzimu wanasikiliza. Na ukifika nyumbani, usimwite mkeo kwa jina hilo mpaka mwezi mpya uandame."

"Kwani huko kuzimu hawana macho, mzee wangu? Wasijue tofauti ya mbuzi na mke wangu?"

Hata hivyo alilia, tena kwa kwikwi, maana alimpenda mkewe.

Aliporudi alimkuta ameketi, homa imemtoka, anakunywa uji wa shayiri. Furaha ikamzidi.

"Lamassi!"

Mkewe hakugeuka. Nje ya mlango kitu kikakwaruza udongo, polepole, kama kwato.

"Ah, upepo tu huo," Kidin akasema. "Yule mganga ametumalizia mbuzi bure. Lamassi, acha utani. Si nakuita?"

Kwato zikasogea, zikasimama kizingitini. Mkewe akaweka bakuli chini.

"Huyo umemzika asubuhi. Ukizidi kumwita, ataingia."