Neno la Kumwita Mwizi

Siku hizo katika senta yetu ya Kaplelei, mtu akipiga kelele "Mwizi!" hakuna aliyeinua kichwa. Neno lilikuwa limechoka. Asubuhi mwizi, mchana mwizi, jioni mwizi. Tena wezi wenyewe walikuwa wamelichukua. Mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na sita, kijana mmoja alimnyang'anya Bochaberi mkoba pale anapouzia ndizi, akakimbia nao huku akipiga kelele kumshinda Bochaberi mwenyewe: "Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!" Alikuwa anaonyesha mbele kwa kidole. Watu wakakimbia pamoja naye, wengine hata wakampita. Walipofika darajani hawakuona mwizi, na walipogeuka hawakumwona kijana.

Mimi nauza nyama. Bucha yangu iko karibu na steji, na huko nyuma kuna meza chache ambapo watu hula nyama ya kuchemsha na ugali. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo sitajaribu kueleza kwa nini wizi ulizidi. Nitasema nilichoona. Kaplelei iko kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii. Siku ya soko watu hujaa kutoka pande zote mbili, na wafanyakazi wa kiwanda cha chai huteremka na mishahara yao. Mtu anayetaka kuiba anataka nini zaidi? Polisi walikuwa ng'ambo ya daraja na Landrover moja. Ukienda kushtaki, swali la kwanza lilikuwa kama umekuja na mafuta ya gari.

Ndiyo tukaitana mkutano dukani kwa Gekara. Gekara anauza sufuria, karai na majembe, na tulimfanya mwenyekiti kwa sababu ana sauti kubwa.

"Tunataka neno jipya," akasema. "Neno ambalo mwizi hajui."

Molly, mama wa samaki, akataka la Kijaluo. Bochaberi akataka la Kikisii. Kukawa na kelele, kwa sababu tangu vita vya makabila vya tisini na mbili kila mtu alikuwa anaangalia lugha ya nani inawekwa juu. Mwishowe Gekara akagonga karai kwa nyundo.

"Wezi wetu wanatoka mbali," akasema. "Kikipsigis hawajui. Kipkemoi, kwenu mwizi ni nani?"

"Chorindet," nikasema.

"Choridenti," akasema Molly.

"Hiyo ni dawa ya meno," akasema Bochaberi, na watu wakacheka.

"Pole pole, mama. Cho-rin-det."

"Chorutet."

"Wewe Molly, ulimi yako iko na mfupa ya samaki?"

"Na wewe jaribu basi, mama ndizi! Tukusikie!"

Bochaberi akajaribu. Ikatoka mbaya kuliko ya Molly.

Gekara akagonga karai tena. "Wacheni kusumbuana. Sokoni hakuna mwalimu. Ukisikia 'chori', ukisikia 'choru', toka na rungu. Mwisho ya neno tutasikia tukifika."

Tukapiga makofi. Hata mimi. Nilifurahi kuona lugha ya mama yangu imepata kazi.

Na ilifanya kazi. Soko lililofuata tulimshika mmoja akiwa na mitumba ya watu ndani ya gunia. Tukampiga kidogo, tukampeleka ng'ambo ya daraja tukiimba. Soko la pili alikuwa hapa tena, amenyoa, anatusalimia. Alikuja mpaka kwangu akanunua matumbo. Nikampimia. Ningefanya nini? Lakini kuanzia siku hiyo nilisikia watu wakisema kwenye meza zangu, waziwazi, midomo imejaa ugali, kwamba atakayeshikwa tena hatapelekwa kwa polisi. Polisi ni mahali pa mwizi kupumzika, walisema. Atamalizwa hapa hapa.

Sasa nieleze kuhusu mzee Johana na Calvince.

Johana ni jirani yangu, mzee wa majani chai kidogo na ng'ombe wawili. Calvince ni kijana Mjaluo, fundi wa mashine kule kiwandani. Mvua moja ng'ombe wa Johana alianguka mtaroni, na Calvince, ambaye alikuwa anapita tu na nguo safi za kanisani, akaingia kwenye matope akamsukuma ng'ombe kwa bega mpaka akatoka. Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Johana hakuweza kusema jina la Calvince. Lilikuwa linamtokea "Kalfini". Kwa hivyo alimwita choruet, yaani rafiki, ama choruenyun, rafiki yangu.

Chorindet ni mwizi. Choruet ni rafiki. Kwetu hata mtoto hawezi kuyachanganya. Lakini katikati ya kelele za soko, kwa mtu wa nje, mwanzo wake ni ule ule.

Siku hiyo ya soko Johana na Calvince walikula kwangu mchana. Mke wa Calvince alikuwa amejifungua, na mzee alimletea mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwenye kibuyu kilichofungwa vizuri kwa ngozi.

"Mama ya mtoto akunywe," Johana akamwambia. "Apate nkufu."

"Asante sana, mzee. Lakini huyu mke wangu amezoea samaki wa omena. Akikataa?"

"Akikataa, wewe ukunywe, halafu useme amekunywa."

Mzee alifungua kifuniko ninuse. Nikanusa, nikamwambia kama ningekuwa mimi nimejifungua ningekimaliza leo. Tulikuwa bado tunacheka honi ya lori la kiwanda ilipolia kule steji. Calvince alikuwa anaingia kazini. Akaruka, akakifunga kibuyu kwa sweta yake, akakikumbatia kifuani, akatoka mbio.

Kifuniko kikabaki mezani.

Johana alikiona, akakichukua, akatoka nje naye mbio kama miguu yake ilivyoruhusu. "Choruet!" akaita. "We! Choruet! Choruenyun!"

Nilikuwa nakatia mteja mbavu. Nilisikia neno hilo kama ninavyolisikia kila siku, nikaendelea kukata. Kisha nikasikia viti vinaanguka upande wa samaki. Nikasikia Gekara anapiga karai. Hapo mikono yangu ikasimama.

Hebu fikiria walichoona. Kijana anakimbia, amekumbatia kitu ndani ya sweta. Nyuma yake mzee wa watu anahema, mkono juu, analia "choru, choru". Sisi wenyewe ndio tulipatana. Walikuwa wanafuata sheria.

Nilitoka kama nilivyokuwa, na aproni ya damu na kisu mkononi. Watu walikuwa wameshajaa mbele ya duka la mbegu, migongo tu, sikuweza kupenya. Halafu mtu mmoja akageuka, akaniona. "Pisheni!" akaita. "Pisheni Kipkemoi, ako na kisu!" Wakanipisha. Wakanipigia hata mbinja. Nilitembea mpaka katikati kama bwana harusi, na kila mtu alidhani ninakwenda kumaliza.

Calvince alikuwa chini. Kibuyu kilikuwa kimepasuka, na maziwa yalikuwa yamemmwagikia usoni yakachanganyika na damu. Mkono mmoja ulikuwa umelala vibaya. Nikatupa kisu nyuma yangu, nikasimama juu yake, mguu huku na mguu huku.

"Si mwizi!" nikasema. "Ni Calvince wa kiwanda! Mzee alikuwa anamwita choruet!"

"Umesikia? Hata Kipkemoi amesema!" Rungu likashuka, likanipata mimi kwenye bega.

"Choruet ni rafiki, nyinyi wajinga! Choruet!"

Kila nikilisema neno hilo walisogea. Bila neno hilo singeweza kuwaeleza, na kwa neno hilo nilikuwa nawachochea. Huko nyuma Johana naye aliendelea kuita, sasa analia kabisa, "Choruenyun! Choruenyun!" na kila akiita kuna mtu anaokota jiwe. Nilimwambia kwa lugha yetu anyamaze. Mzee akaniangalia kama mimi ndiye nimeshika rungu.

Nikaona tairi linaviringishwa kutoka kwa fundi wa baiskeli za mizigo na mikokoteni. Aliyeliviringisha namjua. Ni mteja wangu, huchukua maini. Aliniambia bila hasira, "Toka hapo, Kipkemoi, usichomeke bure."

Nilijua mambo mawili. Nikitoka, Calvince amekufa. Na akifa, Mjaluo ameuawa kwa neno la Kikipsigis na marungu ya Wakisii, kesho hakuna senta.

Kwa hivyo nikadanganya. Nilielekeza mkono juu ya vichwa vyao nikapiga kelele mpaka koo likaniuma: "Gekara! Duka yako inabebwa! Wako ndani! Na ndizi ya Bochaberi! Na wewe wa tairi, baiskeli yako hiyo inaenda!"

Hawakuuliza. Sijawahi kuona umati ukiyeyuka hivyo. Kila mtu aliruka kwenda kwa mali yake. Tairi likabaki linazunguka peke yake, likaanguka. Tukabaki mimi, Johana na Calvince.

"Mzee," Calvince akaniambia, meno yamejaa damu, "lori imeenda?"

"Lori wacha."

Tulimbeba mimi na Johana mpaka bucha, tukamlaza kwenye meza ile ile aliyokulia. Mwenye pikapu ya maziwa akakubali kumpeleka hospitali. Kabla pikapu haijageuza nikasikia mlio kutoka kwa Gekara, mlio ambao sikuutarajia.

Duka lake lilikuwa limebebwa kweli.

Si uongo. Sufuria kubwa zote, na majembe, na hata karai la kugongea. Kwa Molly walichukua mizani. Wakati sisi tulikuwa tunampiga rafiki wa watu, wezi walikuwa wanapakia kwa nafasi yao, pengine wakishangaa ni sikukuu gani.

Gekara akaja mbele ya bucha na watu wake wote. "Kipkemoi," akasema, "ulijuaje?"

"Sikujua. Nilidanganya."

"Pale ulikuwa umezibwa na watu, duka yangu hungeiona. Ulijuaje?"

"Ungeua mtu, Gekara! Umesikia hiyo? Ungeua mtu wa watu kwa sababu ya kifuniko!"

"Hiyo ni ingine. Mimi nauliza sufuria."

Siku hiyo Landrover ilikuwa na mafuta. Ikaja. Koplo aliyeshuka alikuwa mtu wa mbali, amekaa kwetu mwaka mmoja hivi. Alimsikiliza Gekara mpaka mwisho, akaandika. Mimi akanisikiliza nusu.

"Hebu tuelewane," akaniambia tukiwa kituoni, mimi bila viatu na bila mshipi. "Ulisema duka imevunjwa kabla mwenye duka hajajua."

"Ndiyo, afande. Nilikuwa nadanganya."

"Ulidanganya, halafu ikawa ukweli."

"Ndiyo."

"Mimi niko kwa hii kazi kitambo. Uongo ya namna hiyo sijaona."

"Na waliompiga kijana? Wako sokoni, nawajua kwa majina, nikutajie?"

"Kijana hajaleta malalamiko."

"Kijana amevunjwa mdomo!"

"Basi akipona alete."

Hapo ndipo Johana alipoingia. Alikuwa ametembea kutoka senta mpaka ng'ambo ya daraja, shati limejaa damu ya Calvince, na kile kifuniko bado amekishika. Aliweka kofia kifuani akasimama mbele ya kaunta.

"Mzee, huyu unamjua?" koplo akamuuliza.

"Namchua."

"Ni nani wako?"

Niliona mzee anatafuta neno la Kiswahili. Alikuwa amechoka, na maneno yalikuwa yamemwisha. Akaniangalia machoni.

"Mzee, usiseme," nikamwambia. Lakini nilichelewa.

"Choruenyun," akasema.

Koplo akaweka kalamu chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo neno," akasema, "hata mimi najua." Akachukua funguo.

Nilikaa ndani mpaka Calvince alipoweza kufungua mdomo, na mkubwa mmoja wa kiwandani akaja na gari kusema maneno yale yale niliyokuwa nimesema mimi. Kutoka kwake yalieleweka. Wakanirudishia mshipi. Katika wizi wote wa mwaka ule hapa Kaplelei, aliyefungiwa ni mimi peke yangu. Sufuria za Gekara hazijaonekana. Kiti cha mwenyekiti bado amekikalia, na waliitana mkutano mwingine kutafuta neno lingine. Sikwenda. Niliwaambia wakitaka neno waje bucha, nina mengi ya kuwaambia, na hakuna hata moja zuri.

Calvince yuko hai. Mkono umepona ukiwa umepinda kidogo, na mtoto anatambaa. Bado anakula kwangu siku za soko, lakini hakimbii tena. Lori likipiga honi anatembea, na mara mbili limemwacha.

Jana alikuwa amesimama hapo nje akiongea na watu. Johana alikuwa ng'ambo ya barabara na kibuyu kipya, kimefungwa kwa kamba mara nne. Nilimwona amemwona. Akafungua mdomo, akaangalia watu wa samaki, akaufunga. Akavuka barabara yote ile, akijibanza kati ya mikokoteni na ng'ombe wa watu, mzee wa umri ule, mpaka akamfikia na kumgusa bega.

Calvince aliruka kama amechomwa.

"Ni mimi," Johana akamwambia kwa Kiswahili. "Ni mimi tu."