Mstari wa Nne

Mkurugenzi alisukuma pakiti ya nailoni mezani mpaka ikagusa kikombe changu. Ndani mlikuwa na vyeo vya begani, mistari minne ya dhahabu. "Hongera, kapteni," akasema, na wenzangu wa kamati ya marubani wakaacha kutafuna biskuti.

Miaka mingi imepita, lakini ukimya ule bado unanichoma. Nilikuwa rubani msaidizi, mistari mitatu, na cheo hicho nilikuwa nimekisubiri mpaka mama akachoka kuniuliza. Mbona kije wiki hii, tena mbele ya watu? Tulikuwa pale kupigania mkataba mpya. Kampuni ilitaka kupunguza saa zetu za kupumzika kati ya safari na safari, ndege zisitulie, faida iongezeke. Wenzangu walikuwa wameanza kulainika kwa ahadi ya nyongeza ya mshahara. Ni mimi tu niliyeapa, tukiwa wenyewe, kwamba sitaachia hata saa moja.

Tangu hapo, kila nikiingia mahali mazungumzo yanakatika. Kapteni aliyenifundisha kazi, mwanakamati mwenzangu ambaye tulimwita Breki kwa jinsi alivyotua, aliacha kukaa karibu nami. Nami nikaanza kuwashuku wao: nani kampelekea mkurugenzi habari za msimamo wangu? Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, kumbe nao walikuwa wakijiambia hivyo hivyo. Nyumbani, mama alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba amezaa kapteni.

Nikaona dawa ni moja. Kikao kilichofuata niliirudisha pakiti mbele ya wote, nikasema mkataba kwanza. Iliniuma kama kung'olewa jino. Nilitegemea japo mkono mmoja begani.

Breki alinifuata koridoni.

"Mwanangu, hakuna rubani anayekataa mstari wa nne bure," akasema taratibu. "Wamekuahidi nini kikubwa zaidi?"

Jioni ile kamati ikapiga kura kuniondoa, na siku iliyofuata wakautia mkataba sahihi bila mimi. Mkurugenzi hakuwa na haja ya kujua kama ningekubali au ningekataa.

Miezi michache baadaye Breki alinipigia simu kutoka hoteli fulani, baina ya safari mbili. Alisema amekuwa akitaka kuniomba radhi, ila hapati nafasi.

"Mwanangu, siku ile mimi..."

Kisha kimya. Nikadhani analia. Nikasikiliza vizuri, nikasikia anakoroma.

Sikukata simu.