Mfereji Usiokuwepo

Mkojo wa mbwa aitwaye Mpangaji ulikuwa na rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi, na kinyesi chake kilikuwa cheupe kama chokaa. Daktari wa mifugo aliinama kwenye sakafu ya jikoni kwa baba yake, akavitazama vyote viwili, kisha akamwinua yule mtoto wa mbwa hadi dirishani na kulifunua jicho lake. Weupe wote ulikuwa umegeuka manjano.

"Anakula kunishinda mimi," baba yake alisema, "lakini hanenepi. Kinachokua ni tumbo tu."

Binti huyo daktari ndiye aliyemleta mbwa. Tangu mama yake afariki, baba, fundi bomba mstaafu ambaye zamani hakufunga domo hata akiwa ameingiza kichwa chini ya sinki, alinyamaza kama redio iliyochomolewa. Binti alijaribu kila njia, mwishowe akamletea mtoto wa mbwa. Mwanzoni mzee hakumtupia jicho. Kisha akampa jina, Mpangaji, kwa kuwa aliingia bila mzigo na papo hapo akachagua kitanda. Siku binti alipomsikia baba akimgombeza mbwa kwa maneno mengi, alijiegemeza nje ya mlango akalia kwa furaha.

Sasa alimpeleka mbwa kliniki, akampima damu, akampitishia ultrasaundi. Mahali ambapo kifuko cha nyongo kilipaswa kuonekana kama tone jeusi, aliona kivuli kilichosinyaa.

"Ini linatengeneza nyongo, Baba, nayo inatakiwa iteremke kwenye utumbo kusaidia chakula kisagike. Yake haiteremki. Inarudi kwenye damu."

"Bomba limeziba."

"Huenda. Na huenda alizaliwa hivyo."

"Basi zibua, mwanangu. Ikishindikana, pitisha njia nyingine. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote."

"Ndivyo ninavyotaka. Nikishone kile kifuko moja kwa moja kwenye utumbo."

Hakumwambia jinsi mishipa ya kiumbe mdogo kiasi kile ilivyo myembamba. Wala hakujiambia mwenyewe kwamba kazi hii ilifaa apewe daktari mwingine, asiye na baba anayesubiri nje.

Mpangaji alilazwa kwa nusu kaputi, miguu yake minne ikafungwa kwa vitambaa laini. Tumbo lilipofunguka, muuguzi aliyekuwa akilinda pumzi za mgonjwa alivuta yake mwenyewe kwa nguvu. Ini lilikuwa gumu, la kijani, limejaa vinundu. Kifuko cha nyongo kilikuwa kama kipande cha kamba. Daktari alikichoma sindano na kusukuma maji ya chumvi polepole. Maji hayakwenda popote. Alifunua chini ya ini, akafuata kila ukunjo hadi kwenye utumbo, akarudi, akafuata tena.

"Daktari," muuguzi alisema kwa upole, "hapo umeshapita."

"Najua."

Akapita tena. Vidole vyake vilishakata tamaa kitambo. Yeye ndiye aliyekuwa bado akitafuta sababu ya kutoufungua ule mlango ambao nyuma yake baba yake alikuwa ameketi, kofia magotini.

Alipotoka, mzee alisimama kabla hajaitwa.

"Halikuziba, Baba. Halikuwekwa kabisa."

Fundi alilipokea neno hilo polepole. "Hata kipande cha kuungia?"

"Hata kipande. Na ini limeshakwisha. Nikimwamsha, ataamkia maumivu tu. Naomba nisimwamshe."

Baba aliikunja kofia, akaikunjua. "Naweza kuingia?"

Binti alisita, nguo za upasuaji zikiwa bado mwilini.

"Kwa mama yako, kule hospitalini, walinizuia mlangoni," baba alisema. "Waliniambia nisubiri. Nikasubiri."

Hakuwahi kumwambia jambo hilo. Miezi yote ile binti aliutibu ukimya wa baba yake bila kuupima.

Akamvalisha joho la kijani, akamwekea kiti karibu na kichwa cha Mpangaji, akalifunika jeraha kwa kitambaa safi. Mzee aliweka kiganja chake kipana juu ya kichwa kile kidogo. Alimsimulia habari za slipa iliyotafunwa, na za pazia la jikoni ambalo bado hajalirudisha mahali pake. Kisha akaomba radhi kwa kuchelewa, akaiomba mara nyingi, na daktari akiwa na sindano mkononi hakuuliza ni nani anayeombwa. Alisubiri hadi maneno yakaisha. Dawa ikaingia. Muuguzi akakisikiliza kifua, akatikisa kichwa.

Walinawa kwenye sinki moja, bega kwa bega. Baba alinawa kwa muda mrefu, ingawa mikono yake haikuwa imeshika damu.

"Kesho una wagonjwa?"

"Ninao, Baba."

"Wamo watakaopona?"

"Wamo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa habari za mji asioujua, na maji yakaendelea kumwagika.